Uzi: Kupima msuguano na joto la breki kwa mtambo mdogo wa mezani, na kosa la diski iliyobaki baridi

Mleta uzi

Ndugu zangu, kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipima vipande vidogo vya pedi za breki katika mtambo wa mezani niliouunda mwenyewe, na leo naandika kuhusu jambo moja nililolielewa kwa kuchelewa. Mtambo mdogo unaweza kutoa namba safi, zinazojirudia siku hadi siku bila kuyumba, na bado namba hizo zisiwe za breki yoyote iliyofungwa kwenye gari. Kwangu kasoro haikuwa katika mota, wala katika kipima nguvu, wala katika pedi zenyewe. Ilikuwa katika joto.

Anayetaka kuipunguza breki hadi itoshe mezani lazima kwanza ajue anapunguza nini, kwa hiyo naanza na gari lenyewe. Chukua gari dogo la kilo 1,200 linalokwenda kilomita 100 kwa saa. Nishati ya mwendo wake ni takriban kilojouli 463. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, kasi ikawa inapungua kwa mita 8 kwa sekunde katika kila sekunde, gari litasimama baada ya sekunde 3.5 hivi, na karibu nishati yote hiyo itakuwa imegeuka joto. Tukikadiria kwamba breki za mbele zinabeba asilimia 70 ya kazi, kila diski ya mbele inapokea kilojouli 162, na diski ya chuma cha kusubu yenye uzito wa kilo 6 itapanda kwa nyuzi 56 hivi za Selsiasi. Hizo 56 ni wastani wa diski nzima baada ya joto kusambaa. Uso wenyewe, katikati ya tukio, hupanda kwa karibu nyuzi 100, na vile vinundu vidogo vinavyogusana hasa, ambavyo eneo lake ni sehemu ndogo tu ya pedi, hupata joto kali zaidi ya hapo kwa muda mfupi mno.

Sasa tuseme kila diski inabanwa na pedi mbili, kila moja ikiwa na sentimita 45 za mraba, na kwamba pedi inasugua umbali wa milimita 110 kutoka katikati ya diski, ilhali nusu kipenyo cha tairi ni milimita 300. Hesabu inatoa namba tatu ambazo nimezibandika ukutani juu ya meza yangu: kasi ya kuteleza mwanzoni ni mita 10.2 kwa sekunde. Shinikizo la pedi, uwiano wa msuguano ukiwa 0.4, ni megapaskali 2.5, na kila sentimita moja ya mraba ya pedi inashughulikia kilojouli 1.8 hadi gari lisimame. (Uwiano wa msuguano ni nguvu inayozuia mzunguko ikigawanywa kwa nguvu inayobana. Nitautaja sana.)

Kanuni niliyoanza nayo ni ile inayotumiwa na wengi: usipunguze kasi, usipunguze shinikizo, usipunguze nishati kwa kila sentimita ya mraba ya pedi, punguza eneo la pedi na uzito unaozunguka peke yake. Kanuni hiyo ina sababu nzito. Msuguano wa breki haufuati ile sheria ya shuleni isemayo kwamba uwiano haujali kasi. Mwaka 1878 Douglas Galton, akishirikiana na George Westinghouse, alifanya majaribio ya breki za treni huko Uingereza, na akaonyesha kwamba bloku ya chuma inayosugua gurudumu hupoteza msuguano kadiri kasi inavyoongezeka, na pia kadiri inavyoendelea kubanwa. Kwa hiyo ukiiendesha sampuli yako kwa mita 2 kwa sekunde kwa kuwa mota yako haina nguvu zaidi, unapima kitu kingine kabisa.

Kwa mtambo wangu nilichagua sampuli ya sentimita 1 kwa 1, ikisugua umbali wa milimita 50 kutoka katikati ya diski. Ili kupata mita 10.2 kwa sekunde, ekseli ilihitaji mizunguko takriban 1,950 kwa dakika, ambayo mota ya kawaida huifikia bila shida. Nguvu ya kubana ilikuwa nyutoni 255. Flaiwili, yaani gurudumu zito linalozunguka na kutunza nishati ya mwendo badala ya gari, ilihitaji kubeba kilojouli 1.8, na kwa mwendo huo bamba la chuma la duara lenye kipenyo cha sentimita 30 na unene wa milimita 14 linatosha. Uzito wake haufiki kilo 8. Nilipoona kwamba kusimama kwa gari zima kumeingia ndani ya bamba ninaloweza kulibeba kwa mikono miwili, nilidhani nimemaliza kazi.

Diski niliichonga kwa kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 10, kwa sababu ndicho kipande cha chuma cha kusubu nilichokuwa nacho. Hapo ndipo nilipokosea. Diski hiyo ina gramu 800 na kidogo. Kilojouli 1.8 zikiingia ndani yake zote, inapanda kwa nyuzi 5 tu. Nilirudia usimamaji mara kumi mfululizo na diski haikufika hata joto la maji ya chai, wakati diski ya gari ikifanyiwa hivyo bila muda wa kupoa ingepanda kwa mamia ya nyuzi. Pedi zote nilizozipima zilionekana bora. Hakuna hata moja iliyopoteza nguvu kwa joto, maana hakuna hata moja iliyowahi kupata joto. Mojawapo ya pedi hizo, tulipoifunga kwenye gari na kuijaribu katika njia isiyo na magari mengine, ilianza kutoa harufu kali na kulegea katika usimamaji wa saba. Aliyekuwa anaendesha alikuwa mwenzangu ninayemheshimu sana, na mimi ndiye niliyemwambia kwamba pedi zimefaulu. Ninalichukulia jambo hili kwa uzito wote.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa maelezo na kwa uwazi wako. Ninachojiuliza ni hiki: kama shinikizo, kasi na nishati kwa kila sentimita ya mraba ya pedi vyote vilikuwa sawa na vya gari, kwa nini joto halikuwa sawa? Ningetarajia uso wa pedi uone hali ileile. Je, suluhisho si kuipunguza diski unene tu?

Mleta uzi

Swali lako ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu taratibu.

Joto linalozalishwa kwenye mgusano haligawanywi nusu kwa nusu. Chuma cha kusubu kinapitisha joto kwa urahisi mara makumi kadhaa kuliko pedi, kwa hiyo sehemu kubwa kabisa, aghalabu asilimia 90 au zaidi, huingia kwenye diski. Maana yake ni kwamba joto la uso, ambalo pedi inaliona, linaamuliwa na diski. Na diski haijali nishati kwa kila sentimita ya pedi; inajali nishati kwa kila sentimita ya njia yake, yaani ule mkanda wa duara unaopitiwa na pedi.

Kwenye gari letu la mfano, kama mkanda una upana wa sentimita 5, kila uso wa diski una njia ya sentimita 345 za mraba, na nyuso mbili zinafanya 690. Kilojouli 162 zikigawanywa humo, kila sentimita inapokea jouli 235. Kwangu, mkanda wa sentimita 1 kwenye nusu kipenyo cha sentimita 5 una sentimita 31 za mraba, na jouli 1,800 zikigawanywa humo zinabaki 57. Kumbe diski yangu ilikuwa inapokea robo ya joto iliyostahili, hata kabla ya kuzungumzia uzito wake. Kwa hesabu ya karatasi, uso wa diski ya gari unapanda kwa nyuzi 100 hivi na wangu ulipanda kwa 25.

Chanzo ni kwamba pedi ya gari inafunika asilimia 13 ya njia yake kwa wakati wowote, na sampuli yangu moja ilifunika asilimia 3. Kila doa la diski lilisuguliwa kidogo, kisha likapata muda mrefu wa kupumzika kabla halijasuguliwa tena. Kwa hiyo kuna mizani mbili za nishati zinazopaswa kulingana na gari: ya pedi na ya njia. Ukisawazisha ya kwanza pekee, umefanya kosa langu.

Kupunguza unene wa diski kunasaidia, lakini kunasaidia jambo la pili, ambalo ni upandaji wa jumla baada ya usimamaji mwingi. Katika sekunde 3.5 joto hupenya chuma cha kusubu kwa takriban milimita 7. Ndani ya usimamaji mmoja, basi, unene unaozidi hapo haubadilishi sana joto la uso; jouli kwa kila sentimita ya njia ndizo zinazoamua. Katika usimamaji wa kumi, uzito wote wa diski unahesabika.

Nilichofanya ni kuweka sampuli nne, zikiachana kwa robo ya duara. Ufunikaji ukawa asilimia 13, na njia ikapokea jouli 229 kwa sentimita, karibu kabisa na gari. Nishati ya flaiwili ikawa kilojouli 7.2, nguvu ya kubana ikawa nyutoni 1,020, ambayo naipata kwa wenzo wenye uwiano wa 5 kwa 1 na mawe ya mizani ya karibu kilo 21. Flaiwili mpya ina nusu kipenyo cha sentimita 20 na uzito wa kilo 17 na ushei. Mota haikuhitaji kubadilishwa. Kazi yake ni kuizungusha flaiwili tu, na mota ya kilowati 1.5 inafanya hivyo kwa chini ya sekunde kumi, kisha inakatwa na flaiwili inabaki peke yake na breki.

Naomba mtu yeyote atakayejenga kitu kama hiki aijengee flaiwili kizuizi cha bamba nene la chuma pande zote kabla hajaiwasha hata mara moja. Kilojouli 7.2 ni sawa na nishati ya mtu mzima anayeanguka kutoka mita 10, na ukingo wa flaiwili hiyo unakwenda mita 40 kwa sekunde.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni fundi wa magari, na naona kwenye ubavu wa pedi nyingi kuna herufi mbili kama EE, FF au GG. Niliambiwa kuwa zinatokana na kipimo kidogo cha aina hii. Je, herufi hizo zinatosha kuchagua pedi?

Mleta uzi

Ndiyo, ndugu fundi, zinatokana na kipimo kidogo, na kina historia ndefu. Mashine yake inaitwa Chase, na utaratibu wake umo katika kiwango cha SAE J661 (SAE ni chama cha wahandisi wa magari cha Marekani). Kipande cha pedi cha inchi moja ya mraba hubanwa dhidi ya ngoma ya chuma cha kusubu inayozunguka, na ngoma hiyo hupashwa moto kwa vipasha vya umeme na kupozwa kwa hewa kwa ratiba maalumu. Tazama kwamba walioibuni hawakutegemea msuguano peke yake kuleta joto. Walijua kuwa sampuli ndogo haitaweza, wakaweka vipasha. Ningelitafakari hilo mapema, ningeepuka mengi.

Herufi zenyewe zimeelezwa katika SAE J866. E ni uwiano unaozidi 0.25 hadi 0.35, F unaozidi 0.35 hadi 0.45, na G unaozidi 0.45 hadi 0.55. Herufi ya kwanza ni ya hali ya kawaida, wastani wa vipimo vinne kati ya nyuzi 93 na 204. Ya pili ni ya hali ya moto, na joto la juu kabisa katika utaratibu huo ni nyuzi 343 hivi.

Kwa hiyo herufi zinakusaidia kuona kama pedi inabadilika sana inapopata moto: FE inakuonya kwamba inashuka, FF inakuambia kwamba inabaki katika kundi lake. Lakini pedi mbili zenye FF zinaweza kuwa moja 0.36 na nyingine 0.44, tofauti ambayo mguu wa dereva unaihisi. Herufi hazisemi lolote kuhusu ulaji wa pedi, wala kelele, wala kitakachotokea nyuzi 500. Resini ya finoliki inayoshikamanisha mchanganyiko wa pedi huanza kuvunjika kati ya nyuzi 250 na 300 na kuendelea, ikitoa gesi, na hapo ndipo pedi nyingi hulegea. Kipimo kinachoishia 343 kinagusa mwanzo wa eneo hilo tu.

Mchangiaji wa tatu

Nimejenga mtambo unaofanana na wako, na joto nalipima kwa kipima joto cha miale, kile cha kuelekeza kama bunduki. Namba zangu zinaruka: asubuhi diski inasoma nyuzi 90, na baada ya majaribio machache inasoma 180 kwa usimamaji uleule. Je, hiyo ni breki au ni kifaa?

Mleta uzi

Kwa maelezo hayo, nashuku kifaa kuliko breki. Kipima joto cha miale kinakisia joto kutokana na mwanga usioonekana ambao uso unautoa, na kiasi cha mwanga huo kinategemea hali ya uso. Chuma kilichong'arishwa kinatoa kidogo sana. Kikishika kutu ya moto au kikifunikwa na utando mweusi wa pedi, kinatoa mara mbili au tatu zaidi kwa joto lilelile. Diski yako ya asubuhi inang'aa na ya mchana imepata utando. Kifaa kimebaki na mpangilio mmoja, kwa hiyo kinakudanganya kwa kiwango kinachobadilika.

Mimi natumia themokapo (waya wa kupima joto kwa kugusa) ya aina ya K iliyochomekwa ndani ya diski, milimita 1 chini ya uso, katikati ya njia, na nyaya zake zinapita kwenye ekseli hadi kwenye pete za kuteleza, zile zinazopitisha umeme kutoka kwenye kitu kinachozunguka. Ni kazi ya mikono inayohitaji uvumilivu, lakini inaondoa ubishi. Kama huna pete za kuteleza, pasha diski polepole ikiwa imesimama, ukilinganisha kifaa chako na themokapo iliyoshikizwa, na ufanye hivyo upya kila uso unapobadilika rangi.

Wengine huweka themokapo ndani ya sampuli, kwa kuwa sampuli haizunguki. Kwa jaribio la muda mrefu inafaa. Kwa usimamaji wa sekunde tatu na nusu haifai, kwa sababu pedi hupitisha joto polepole sana: katika muda huo joto hupenya ndani ya pedi kwa milimita moja na nusu tu hivi. Themokapo iliyozikwa milimita 2 ndani itaanza kusoma wakati kila kitu kimeshakwisha, na namba yake ya juu itakuwa ya uso uliokwisha kupoa.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza lakini liko ndani ya swali lako. Utando ule mweusi si uchafu. Unga wa pedi na wa diski hugandamizwa na kuwa visahani vidogo imara, na kazi kubwa ya msuguano hufanywa na visahani hivyo. Sampuli mpya haina visahani. Kwa hiyo namba za usimamaji wa kwanza ni za kuzoesha, na mimi siziandiki kabisa hadi uwiano utulie. Kwa sampuli nyingi hilo huchukua usimamaji kati ya 30 na 50 wa shinikizo la wastani. Ukiifuta diski kwa sandapepa kati ya jaribio na jaribio kwa nia ya usafi, umeanza upya.

Mchangiaji wa nne

Mimi nafuatilia upande wa malighafi. Watu wanasema shaba imeondolewa kwenye pedi nyingi. Je, hilo linaonekana katika mtambo mdogo?

Mleta uzi

Linaonekana, na pengine ndipo mtambo mdogo unapolipa zaidi. Majimbo ya Washington na California huko Marekani yalipitisha sheria mwaka 2010 za kupunguza shaba katika pedi, kwa sababu unga wake huoshwa na mvua hadi mitoni na kudhuru samaki. Kikomo kikawa asilimia 5 mwaka 2021, na asilimia 0.5 mwaka 2025. Shaba ilikuwa inafanya kazi mbili kwa pamoja: ilisafirisha joto kutoka usoni kwenda ndani ya pedi, na ilishiriki kujenga visahani nilivyovitaja. Kuibadilisha kwa kitu kimoja hakutoshi, kwa hiyo mtu analazimika kujaribu michanganyiko mingi. Kuibana kila mmoja kuwa pedi kamili na kuipeleka kwenye mtambo mkubwa, ule unaopima breki nzima ya gari, ni gharama isiyobebeka. Ukiwa na vipande vya sentimita moja unaweza kuitupa michanganyiko mibaya mapema, ili mtambo mkubwa upokee ile michache iliyobaki. Mimi siuamini mtambo wangu kuchagua pedi bora kabisa. Nauamini kukataa pedi mbaya, mradi diski iwe imepata joto lake.

Naongeza tahadhari moja. Msikate wala kusaga pedi za zamani msizozijua asili yake ili kupata sampuli. Nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na madhara ya kuvuta unga wake hayaponyeki. Tumieni pedi mpya zinazojulikana, na hata hizo mzikate kwa maji na barakoa inayofaa.

Mchangiaji wa kwanza

Swali la mwisho kwangu, ndugu. Vipi kuhusu mteremko mrefu, ambapo gari halisimami bali breki inashikiliwa kwa dakika nyingi? Je, flaiwili inafaa?

Mleta uzi

Hapo flaiwili haihitajiki, na ndilo jaribio ambalo mtambo mdogo hulifanya kwa urahisi zaidi. Gari lile la kilo 1,200 likishuka mteremko wa asilimia 6 kwa kilomita 60 kwa saa, tukiacha msaada wa injini na upinzani wa upepo, breki zinapaswa kumeza karibu kilowati 12 mfululizo. Katika dakika 10 hiyo ni kilojouli 7,000 na zaidi kidogo, yaani mara 15 ya kusimama kutoka kilomita 100 kwa saa. Lakini ukigawanya kwa eneo la pedi, kila sentimita ya mraba ya mbele inapata wati 46 tu, kwa hiyo sampuli zangu nne zinahitaji wati 183 kwenye ekseli. Mota yoyote ndogo inaliweza. Shinikizo ni dogo mno, kama megapaskali 0.2, kwa hiyo natoa karibu mawe yote kwenye wenzo, na kasi naiweka mita 6 kwa sekunde.

Ugumu uko kwenye kupoa. Diski ndogo ina uso mwingi ukilinganisha na ujazo wake, hivyo inapoteza joto haraka kuliko diski ya gari, na katika jaribio la dakika 10 upotevu huo ndio unaoamua itafika wapi. Kwanza niliifunika kwa kasha la bamba, haikutosha. Sasa naipulizia hewa moto kutoka upande wa nyuma, na themokapo inaiongoza ili mstari wa joto ufuate ule nilioupima kwenye diski ya gari. Dakika ya kumi ikifika naongeza mawe hadi shinikizo la usimamaji wa dharura kwa sekunde tatu, mota ikiwa bado inasukuma, naandika uwiano, kisha naondoa mzigo. Mtakaojaribu hatua hiyo, jueni kwamba mota ya wati 183 itazimika papo hapo, maana sekunde hizo tatu zinadai zaidi ya kilowati 2 kwa mwendo huo. Fungeni ya kilowati 3, au mrudishe flaiwili kwa ajili ya hatua hiyo peke yake.